Waliocheka na Waliokasirika: Namna ya Kuhukumu Mchezo wa Kuchekesha



Katika parokia zetu za Kasongo na Kabambare sikukuu kubwa haiishi bila mchezo. Asubuhi ni Misa, mchana ni chakula na ngoma, na jioni vijana wanapanda jukwaani. Ao pasipo jukwaa, wanafagia uwanja mbele ya darasa na kutundika kitambaa nyuma yao. Watu wanajua mapema watakaowaona: mlevi anayemficha mke wake mshahara, mganga mwongo, mtoza kodi mwenye mkono mrefu, jirani mwenye maneno mengi, na mara moja moja katekista ao fratri anayehubiri unyenyekevu na huku anagombania kiti cha mbele.

Kesho yake watu wamegawanyika. Wengine wanasimulia mchezo kisimani na kucheka tena. Wengine wanakwenda kwa padri kushitaki. Mzee anasema yalikuwa matusi. Kijana anajibu kwamba yalikuwa ukweli. Mama anasema alicheka, lakini hakupenda watoto wake wasikie. Na padri, aliyekaa mbele ya wote na kucheka kidogo, mkono kinywani, anaulizwa: Baba, mchezo ule ulikuwa mwema ao mbaya?

Ulizo hilo linastahili kujibiwa vizuri. Kwa desturi kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza: watu wengi wamecheka, basi mchezo ni mwema. La pili: watu wa heshima wamekasirika, basi mchezo ni mbaya na usirudiwe. Majibu haya yanaonekana kupingana, lakini ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yanahesabu watazamaji, wala hayautazami mchezo. Sisi tunataka kuonyesha kwamba sherti kuuliza mambo mengine mawili: kicheko kilimwangukia nani, na aliyekasirika alikasirikia nini.

I. Mchezo mmoja, masikio mengi

Tuanze na mfano wa inchi yetu. Katika Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilichekesha watu kwa miaka mingi, katika redio na katika televisheni, kwa Kiswahili kinachosemwa katika mji ule. Mkubwa wa kundi, Odilon Kyembe Kaswili, alijulikana kwa jina lake la jukwaani, ndilo Mufwankolo, kuliko kwa jina lake mwenyewe. Wachezaji hawa hawakuwa na kitabu cha kukariri. Walipatana kwanza juu ya hadithi na mpango wake, kisha kila mmoja alitafuta maneno yake katika kucheza. Habari zao zilikuwa za nyumbani na za njiani, zile ambazo kila mtu anazijua kwa kuwa zimempata yeye ao jirani yake.

Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian, aliyepata kufundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, aliwauliza maana ya msemo mmoja unaosemwa kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier, ndiyo kusema, mamlaka huliwa nzima. Wachezaji wenyewe hawakupatana juu ya maana yake. Wakaamua kuutungia mchezo, wakafanya mazoezi, mwishoni wakaucheza katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi. Fabian aliandika kitabu kizima juu ya kazi hiyo, kilichotoka mwaka 1990.

Fikirini msemo wenyewe. Mwenye kutawala anaweza kuusikia hivi: mamlaka haigawanyiki, anayeipata asimwachie mwingine hata kipande. Mwenye kutawaliwa anaweza kuusikia hivi: mtazameni mlafi huyu, amekula vyote, hakutuachia hata mfupa. Na mtu wa hekima anaweza kuusikia kwa namna ya tatu: anayekubali kula mamlaka ale na uchungu wake pia, ndiyo lawama, na usiku bila usingizi, na kumtendea haki hata mtu asiyempenda. Siku zile inchi yetu iliitwa Zaïre, chama kilikuwa kimoja, wala haikuwa salama kumchekea Mobutu mbele ya watu. Lakini mchezo ukimweka jukwaani chifu wa kijiji, kila mtazamaji anabaki huru kupeleka kicheko chake anakotaka.

Hapa tunapata fundisho la kwanza. Watu wawili wanaocheka neno moja hawacheki lazima kitu kimoja. Na watu wawili wanaokunja uso hawakasirikii lazima kitu kimoja. Kwa hiyo kelele ya uwanja haitoshi kutuambia habari ya mchezo. Sherti kumwuliza kila mmoja, kwa upole: ndugu, wewe ulisikia nini?

II. Watazamaji waliogeuzwa kuwa mchezo

Ulizo hilo Molière alikwisha kuliuliza mjini Paris zaidi ya miaka 350 iliyopita. Tarehe 26 Desemba 1662 alionyesha L'École des femmes, yaani Shule ya Wanawake. Ni habari ya Arnolphe, mtu anayeogopa kupita kiasi kudanganywa na mke. Basi anamchukua Agnès tangu mtoto wa miaka 4, anamlea pasipo elimu, akidhani kwamba mke mjinga hataweza kumdanganya. Akimfundisha wajibu wa ndoa, anamtisha kwa moto wa milele. Mwisho Agnès anampenda kijana Horace. Na ujinga ule ule ambao Arnolphe aliutegemea unamletea aibu, kwa sababu Agnès hajui kuficha neno.

Watu walijaa, wakacheka, wakagombana. Wengine walisema mchezo ni mchafu. Wengine, kwamba mausia ya Arnolphe yanadhihaki mahubiri. Wengine, kwamba hauzishiki sheria za sanaa. Molière akajibu kwa mchezo mwingine. Tarehe 1 Juni 1663 alionyesha La Critique de l'École des femmes. Ndani yake watu wanakaa tu nyumbani kwa bibi mmoja, Uranie, wakibishana juu ya mchezo waliouona. Hakuna wizi, hakuna fimbo, hakuna arusi. Watazamaji wamegeuka kuwa wachezaji, na kila mmoja anajionyesha kwa hukumu anayoitoa.

Bibi Climène anaingia akiwa kama mgonjwa kwa sababu ya machukizo aliyoyaona. Neno lililomwudhi ni dogo. Agnès anaulizwa Horace amemtwalia nini. Anasita katikati ya sentensi, na Arnolphe anaanza kutetemeka. Kumbe ni utepe tu. Climène anasema kusita kule kumejaa uchafu. Uranie anamjibu kwamba msichana ametaja utepe, na anayesikia kitu kingine ameuleta uchafu mwenyewe.

Hapa sisi hatumfuati Molière mpaka mwisho. Ni kweli kuna watu wenye masikio yanayokwenda kutafuta matope pahali pakavu. Lakini Molière alijua vizuri kile ambacho watu watafikiri katika kimya kile kidogo. Ndiyo sababu alikiweka. Mchezaji anayesita na kuwakonyeza watazamaji hawezi kusema kesho yake kwamba dhambi ni ya masikio yao peke yake. Aliyechimba shimo njiani asimlaumu mpita njia kwa kutumbukia. Katika ulizo hili mama wa parokia yetu, yule aliyecheka na kusikitika pamoja, ana hekima kuliko Climène na kuliko Uranie.

Kuna marquis pia, bwana mkubwa mwenye mavazi mazuri. Kwake mchezo ni mbaya kabisa. Kwa nini? Kwa sababu watu waliosimama chini walicheka sana! Tena alisongwa mlangoni na kukanyagwa miguu. Akibanwa atoe sababu nyingine, anarudia maneno mawili matatu ya mchezo kwa dharau, basi. Dorante, anayemtetea Molière, anamwambia kwamba akili haina kiti chake maalum katika nyumba ya michezo: aliyelipa nusu ya louis d'or anaweza kuhukumu vibaya, na aliyelipa sou 15 akasimama anaweza kuhukumu vema. Anamsimulia pia bwana mmoja aliyekaa jukwaani penyewe, kama wakubwa walivyozoea siku zile, akasikiliza mchezo wote kwa uso wa giza. Kila watu walipocheka, yeye aliinua mabega na kuwatazama kwa huruma. Yeye mwenyewe akawa mchezo wa pili.

Bwana yule tunamfahamu. Ni mtu anayekataa kucheka kwa kuwa mpishi na mtwangaji wa mihogo wanacheka karibu yake. Hasira yake si ya maadili; ni ya cheo. Na tuseme wazi: fratri aliyerudi kutoka masomo makubwa anaweza kuwa na ugonjwa huo pasipo kuujua, akiudharau mchezo wa kijiji kwa sababu tu ni wa Kiswahili na hauna kitabu.

Mtu wa mwisho ni Lysidas, mtunga mashairi. Anautukana mchezo kwa majina ya sheria za wataalamu wa zamani, na chini ya sheria zile unaonekana wivu. Dorante anamjibu kwamba sheria kubwa kuliko zote ni kupendeza. Jibu hili linamshinda Lysidas, lakini halitutoshi sisi. Nyoka alimpendeza Eva. Kupendeza ni lazima kwa mchezo, kwa kuwa mchezo usiopendeza ni hotuba mbaya. Lakini bado sherti kuuliza unatupendezesha kwa kitu gani.

III. Hasira za watu wa dini

Ulizo hilo likawa kali zaidi kwa Tartuffe. Jina hilo ni la mtu anayejifanya mtakatifu katika nyumba ya Orgon, anakula chakula chake, anamtamani mke wake, na mwisho anataka kumfukuza katika nyumba yake mwenyewe. Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuusoma mchezo huu kwa jina la Mnafiki, uliotafsiriwa na Taguaba na kutolewa Dar es Salaam mwaka 1973.

Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza mbele ya mfalme Louis XIV mjini Versailles, mwezi wa Mei 1664, na mara moja ukazuiwa usionyeshwe kwa watu wote. Pierre Roullé, paroko wa Saint-Barthélemy mjini Paris, aliandika kwamba Molière ni shetani aliyevaa mwili na kwamba anastahili moto. Mwezi wa Agosti 1667 Molière alijaribu tena baada ya kubadili jina la mtu na maneno kadha. Mchezo ulisimamishwa baada ya siku moja, na askofu mkuu Hardouin de Péréfixe akakataza kuuona, kuusoma na hata kuusikiliza, kwa tisho la kutengwa na Kanisa. Ruhusa ilipatikana tarehe 5 Februari 1669, na watu wakamiminika.

Tusikimbilie kuwacheka mapadri wale. Walikuwa na sababu moja yenye uzito: mnafiki na mtu wa sala ya kweli wanapiga magoti namna moja. Mtazamaji asiye na akili akimcheka Tartuffe leo, kesho atamcheka mama anayesali rozari. Hatari hiyo iko Paris, iko na Kasongo. Molière aliijua, ndiyo maana alichelewesha kumwingiza Tartuffe jukwaani mpaka tendo la tatu, ili mtu asipate nafasi ya kumdhania kuwa mwema.

Lakini katika dibaji ya mchezo Molière anasimulia neno la mwana wa mfalme mmoja. Siku chache baada ya Tartuffe kuzuiwa, kulichezwa mbele ya mfalme mchezo mwingine wa Scaramouche mtawa, uliokuwa mchafu kweli. Mfalme akauliza kwa nini wale waliokasirishwa na Molière hawakusema kitu juu ya huu. Akajibiwa kwamba mchezo wa Scaramouche unaidhihaki mbingu na dini, vitu ambavyo mabwana wale havikuwagusa; lakini Molière aliwadhihaki wao wenyewe, na hilo hawakuweza kulivumilia.

Neno hili lingeandikwa mlangoni mwa kila ukumbi wa parokia. Linatupa kipimo cha hasira. Mtu akikasirika, tumwulize: umekasirika kwa sababu Mungu ametukanwa, ao kwa sababu wewe umejulikana? Katekista asiyemdai mtu kitu kwa ubatizo hasumbuki mno akimwona jukwaani katekista anayedai kuku. Anacheka, pengine kuliko wengine, kwa maana anawajua wale wanaolichafua jina la kazi yake. Uranie alisema jambo la namna hiyo: michezo hii ni vioo vya watu wote, na anayepiga kelele kwamba ametukanwa anajitangaza mwenyewe. Wazee wetu wamelisema kwa kifupi: ukitupa jiwe gizani ukasikia kilio, limempata mtu.

Lakini kioo ni kioo kama kikimwonyesha kila mtu. Mchezaji akivaa shati linalojulikana, akachechemea kwa mguu unaojulikana, akakohoa kikohozi kinachojulikana, hapo hakuna kioo tena. Kuna kidole kilichonyoshwa. Huko ni kusengenya mbele ya watu, dhidi ya amri ya nane, na aliyekasirika ana haki kamili. Padri asimwambie avumilie.

IV. Kicheko kisichogawanya watu

Mpaka hapa tumesema juu ya mchezo unaogawanya watu. Sasa tutazame mchezo unaowafurahisha wote pasipo mmoja kunung'unika. Wengi watasema huo ndio mwema. Sisi twasema: huo ndio wa kuchunguzwa kwanza.

Katika Tanzania michezo ya namna hii inaitwa vichekesho, na mizizi yake inafika zamani za Waingereza. Mmoja wa watu waliochekwa sana katika vichekesho ni mshamba, yule aliyefika mjini jana, asiyejua kushika uma wala kuvuka barabara. Watu wa mjini walicheka wote. Nani angekasirika? Mshamba hakuwapo, ao kama alikuwapo, alicheka pamoja nao ili asijulikane. Mtu akichekwa na kulazimika kucheka, moyo wake unalia mara mbili.

Turudi kwetu. Kasongo ni mji wenye watu wa namna nyingi. Ulikuwa mji mkubwa wa watu wa Tippu Tip mpaka majeshi ya Dhanis yalipouteka mwaka 1893. Misioni ilianza mwaka 1903. Vikariati ilisimikwa mwaka 1952, ikawa dayosisi mwaka 1959. Waislamu na Wakristu wanakaa mtaa mmoja, wanaoana, wanazikana. Kiswahili ni chetu sote, lakini mtu wa mjini anatambua mara moja ulimi wa aliyetoka porini ao wa aliyetoka upande wa Kabambare. Basi hakuna njia rahisi ya kuwachekesha watu kuliko kuuiga ulimi huo. Vilevile ni rahisi kumweka jukwaani mwalimu wa Kislamu mwenye kanzu na tasbihi, akila futari kabla ya jua kuzama. Uwanja wa Wakristu utavunjika kwa kicheko. Hakuna atakayekwenda kwa padri kushitaki. Na jirani aliyesimama nyuma, karibu na ukuta, atakwenda zake kimya.

Inchi hii imeona maasi ya mwaka 1964, tena vita vya mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Hakuna anayesema kwamba mchezo ulivileta. Lakini kila tulipoanza kuuana, kwanza tulikuwa tumezoea kuita watu fulani kwa jina la kuchekesha.

Wasomaji wetu wanasoma Injili kila siku. Wakumbuke mchezo uliochezwa Yeruzalemu katika nyumba ya liwali. Mtakatifu Mateo anasimulia kwamba askari walikusanya kikosi kizima. Walikuwa na mavazi: joho jekundu. Walikuwa na taji: miiba. Walikuwa na fimbo ya kifalme: tete. Walipiga magoti na kusalimu kama wanavyosalimu mfalme. Ni mchezo wa kuchekesha kamili, hakuna kilichopungua, na Injili haimtaji hata askari mmoja aliyekunja uso. Watazamaji wote walipatana. Kicheko chote kilimwangukia Mmoja aliyefungwa mikono, asiye na mtetezi, naye hakuwa na kosa.

Toka siku ile Mkristu hawezi kusema: wote walicheka, basi ulikuwa mwema. Katika uwanja ule wa liwali, heri angalikuwapo mtu mmoja wa kuwaharibia furaha.

V. Ya kufanya

Kuna watakaotuambia: mashaka yakiwa mengi hivi, afadhali kuacha michezo ya kuchekesha kabisa. Wana mkubwa wa kuwatetea, ndiye Bossuet, askofu wa Meaux. Mwaka 1694, padri Caffaro alipotajwa kuwa ndiye aliyeandika barua ya kuutetea mchezo wa jukwaani, Bossuet alijibu kwa ukali. Alikumbusha kwamba Bwana wetu aliwaonya wanaocheka sasa, na kwamba Molière alitoka katika mizaha ya jukwaa karibu moja kwa moja mpaka mbele ya hukumu. Kweli, Molière alianza kuugua sana jukwaani tarehe 17 Februari 1673, akafa usiku ule ule, akazikwa usiku bila fahari. Bossuet aliona jambo ambalo watetezi wa michezo hawapendi kuliona: kicheko kinapunguza uzito wa dhambi. Mume mzinzi akiwa mjanja na mwenye maneno matamu, na mke wake akiwa mpumbavu, watazamaji watamtakia ashinde. Hilo tumeliona mara nyingi.

Lakini Bossuet hakuwa na neno la mwisho katika Kanisa. Mtakatifu Paulo, katika barua kwa Waefeso, anakataza maneno ya upuzi, na kwa Kigriki anatumia neno eutrapelia. Aristoteles alikuwa ametumia neno lile lile kwa sifa, akitaja fadhila ya mtu ajuaye kuchekesha kwa kiasi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika sehemu ya pili ya Summa, ulizo la 168, hakuogopa kuzipatanisha sauti hizo mbili. Anafundisha kwamba roho inachoka kama mwili, na pumziko lake ni furaha. Kwamba kazi ya wachezaji si haramu kwa asili yake, kama wakijizuia na maneno na matendo mabaya. Tena kwamba mtu asiyejua kufurahi kamwe, anayewazuia na wengine furaha yao, anakosa. Mabwana wenye uso wa giza wasome fungu hilo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 140, iliwakataza mapadri kwenda kwenye michezo isiyowafaa, hasa katika nyumba za michezo za watu wote. Sheria ya mwaka 1983 haikurudia kanuni hiyo kwa maneno yale, ila inawataka mapadri wajiepushe na yote yasiyofaa hali yao. Basi hukumu ya kila mchezo imeachwa mikononi mwetu, na sherti tuwe na akili ya kuitoa.

Tena kuna sababu ya haki. Katika vijiji vyetu mdogo hana gazeti, hana wakili, na mara nyingi akisema mbele ya mkubwa anaitwa mwenye kiburi. Jukwaa la sikukuu ndipo pahali pekee anapoweza kusema: mizani ya mnunuzi wa mchele ina uongo, hakimu amekula pande zote mbili, mwalimu anawatuma watoto kulima shamba lake. Padri anayefunga mchezo huo kwa kuwa mnunuzi wa mchele amekasirika, naye ndiye anayetoa saruji ya kanisa, hajalinda maadili. Amelinda saruji.

Kwa hiyo tunawashauri wenzetu hivi. Kabla ya sikukuu, padri ao katekista mkubwa akae pamoja na vijana katika mazoezi, si kwa kukata maneno tu, bali kwa kuwauliza: katika mchezo wenu, nani anachekwa? Ana nguvu kuliko ninyi, ao ni mnyonge kuliko ninyi? Yuko hapa, anaweza kujibu? Mnacheka kosa alilolichagua, ao mguu, ulimi, kabila na dini aliyozaliwa nayo? Akijulikana kwa jina, mtathubutu kumsalimu kesho? Vijana si wajinga. Wakiulizwa vizuri, wenyewe watatengeneza mchezo, na mara nyingi utachekesha zaidi, kwa maana mnyonge anachekesha mara moja tu, lakini kiburi cha mkubwa hakiishi vituko.

Kisha, kesho ya mchezo, washitaki wakija, asiwafukuze wala asiwape haki upesi. Awasikilize mmoja mmoja. Mama anayehofia masikio ya watoto, amshukuru na kurekebisha. Aliyeonyeshwa kidole, vijana waende kumwomba radhi, na waende wenyewe, wasimtume padri. Aliyekasirika kwa sababu watu wadogo wamecheka, aachwe mpaka apone. Na aliyekasirika kwa kuwa amejiona katika kioo, huyo padri ampokee kwa upole kuliko wote, kwa sababu neno limemfikia ambalo pengine mahubiri ya miaka kumi hayakulifikisha.

Na siku ambapo hakuna aliyekuja kushitaki, padri asilale mara moja. Afikiri ni nani aliyesimama karibu na ukuta, kisha aende kumtembelea.